Kutafuta rekodi za babu aliyepigana Burma: medali hazina jina

MjukuuNax (Nakuru):
Wakuu, naomba mwongozo. Babu mzaa baba alitoka Maragoli akahamia Njoro baada ya Vita vya Pili. Alirudi salama na akafariki 1981. Zimebaki medali mbili: nyota ya ncha sita iliyoandikwa Burma, na moja ya mviringo yenye simba aliyekanyaga joka. Ukingoni hakuna jina wala namba, na kuna jamaa anayedai ni za kuokota. Kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) nimeandika majina yake yote, sipati kitu. Nianzie wapi? Halafu, baba yake babu wanasema alichukuliwa kariakor, yaani kikosi cha wapagazi (Carrier Corps) cha Vita vya Kwanza. Huyo naye anatafutika?

Kondele_Nyaraka:
Huyo jamaa mpuuze. Medali za Vita vya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuchapwa majina. Ni za Vita vya Kwanza ndizo hugongwa namba, jina na kikosi ukingoni. Kwa hiyo hizo zako zinakuonyesha alikopigana tu. Nyota ya Burma ni ya waliofika huko kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Ile ya simba walipewa wengi mno, haikusaidii.

Tume ile huorodhesha waliokufa tu, na kwa Vita vya Pili ni kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Aliyefariki 1981 hawezi kuwamo, hata ukiandika jina kwa njia mia.

Unachokihitaji kwanza ni namba ya jeshi. Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi, barua za zamani, hata nyuma ya picha. Bila namba utakutana na kina Wafula mwana wa Wekesa kumi na usijue wako ni yupi.

Mzee wa Faili:
Naongezea. Watu hukimbilia kulipa watafiti wa London wakidhani faili la babu liko kule. Makavazi ya Uingereza yaliyoko Kew yana shajara za vita za vikosi (kumbukumbu za kila siku za kikosi), si mafaili ya askari mmoja mmoja walioandikishwa hapa kwetu. Za Burma ziko kwenye mfululizo WO 172, za Madagaska WO 174, na za Afrika Mashariki na Abisinia WO 169. Faharasa inasomwa bure mtandaoni. Ukiagiza nakala, unalipia kwanza ukaguzi wa kurasa, kisha unapewa bei ya nakala yenyewe, kwa hiyo usiagize kabla hujajua kikosi na mwaka. Tena ujue kabisa: shajara hutaja maafisa kwa majina, lakini askari wa kawaida mara nyingi ni idadi tu, labda awe ametunukiwa nishani.

Batalioni ya Kenya iliyokuwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ni 11 KAR (KAR ni King's African Rifles, askari wa miguu wa kikoloni). Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw 1944 hadi mto Chindwin. Kama kuna picha yake akiwa na sare, angalia begani: kichwa cha kifaru ndiyo alama ya Divisheni ya 11.

Lakini usikwame kwa KAR. Wazee wetu huita kila aliyevaa sare "keya", yaani KAR, na wakati huohuo kulikuwa na mizinga, udereva, uuguzi, mawasiliano, na wale wa kazi za mikono ambao huku magharibi waliitwa panyako (Pioneer Corps). Uliza nyumbani alifanya kazi gani, si alikuwa kikosi gani.

Nyar Kisumu:
Kwa baba yake babu, hamia Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Beba kitambulisho na penseli. Usiulize "Vihiga", hautapata kitu: wakati huo Maragoli ilikuwa wilaya ya North Kavirondo, mkoa wa Nyanza. Omba mafaili yanayoanza na DC/NN (ya wilaya hiyo) na PC/NZA (ya mkoa), ya 1914 hadi 1920, hasa ripoti za mwaka na barua za kuandikisha wapagazi. Msako mkubwa wa wapagazi ulikuwa 1917, na waliitishwa kupitia kwa machifu, kwa hiyo jua chifu wake alikuwa nani kabla hujapanda matatu.

Jina usilitafute kwa tahajia moja. Karani aliandika alivyosikia: L na R hubadilishana, jina la ubatizo halipo, kabila limeandikwa "Kavirondo" tu. Na kama alifia safarini, jiandae: wapagazi wengi hawakuandikwa jina kwenye kaburi wala mnara. Tume yenyewe ilikiri hayo katika ripoti yake ya 2021.

MjukuuNax:
Asanteni sana. Nimempigia shangazi. Anasema babu alikuwa akiendesha lori la risasi na mchele.

Mzee wa Faili:
Basi achana na 11 KAR. Madereva walikuwa chini ya East African Army Service Corps, kikosi cha uchukuzi na ugavi, kwa hiyo kwenye WO 172 tafuta kombania za uchukuzi za Afrika Mashariki, 1944 na 1945. Kombania zilikuwa nyingi, kila moja na namba yake. Muulize shangazi kama kuna leseni ya udereva ya jeshi au picha ya lori. Ikionyesha namba ya kombania, ndiyo itakayokuonyesha shajara ipi uagize.