Basi dogo la umeme: tuchukue lenye betri kubwa au lenye sakafu ya chini?

Katibu_wa_Ruti (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa ushirika mdogo wa usafiri. Tuna mabasi matatu ya dizeli yaliyochoka, na kikao kimeshapitisha kwamba hayo yakitoka yanaingia ya umeme. Kabla ya ukatibu nilishika usukani miaka 11, kwa hiyo injini ikianza kuumwa naijua kwa sauti tu. Betri ndiyo hainiambii kitu.

Ruti yetu ni ya kuzunguka: kilomita 9, vituo 11, inapita hospitali, shule mbili na mtaa wenye wazee wengi. Kila basi linapiga mizunguko 14 kwa siku, yaani kilomita 126. Kuna kona mbili ambazo basi la mita 12 haliingii hata ulisukume kwa mkono.

Mezani tuna mawili. La kwanza ni gari la mizigo lililogeuzwa kuwa basi. Sakafu iko juu, ngazi mbili mlangoni, na nyuma limefungwa lifti ya kiti cha magurudumu. Muuzaji anasema linakwenda kilomita 280 kwa chaji moja. La pili liliundwa kuwa basi tangu mwanzo: sakafu iko chini, unaingia kwa hatua moja, rampu inakunjuliwa kwa mkono. Betri yake ni kilowati-saa 88 (zilezile uniti za umeme) na muuzaji anasema kilomita 200.

Wajumbe wenzangu wanataka la kilomita 280, na hoja yao ni fupi: tusije tukalala njiani. Mimi moyo wangu uko kwa la pili kwa sababu ya mzee mmoja niliyekuwa nikimbeba enzi za udereva. Kondakta anamshika kwapa hili, abiria anamshika lile, na kabla hajainua mguu analiomba radhi basi zima. Kila safari anaomba radhi. Sasa siwezi kusimama kwenye kikao na hoja ya mzee peke yake, nipeni namba.

---

Usukani_Kimya

Mkuu Katibu, mimi naendesha basi dogo la umeme mwaka wa nne sasa, la mita 6 hivi. Nikupe jinsi sisi madereva tunavyohesabu, maana hiyo kilomita 280 ya muuzaji ni kama umri wa mtu anayechumbia.

Basi la saizi hiyo, bila kiyoyozi, mimi napata kama kilowati-saa 0.45 kwa kilomita. Kilomita zako 126 zinakula 57. Lakini kiyoyozi hakijui kilomita, kinajua saa. Kikivuta kilowati 2 kwa saa 12 mtakazokuwa barabarani, hiyo ni 24 nyingine, hata kama basi limesimama kwenye foleni halijasogea. Jumla 81. Na betri hauilambi mpaka chini, acha asilimia 20 ya akiba. Kwa hiyo ya 88 kwako ni 70. Umepungukiwa na 11.

Umeona? Kumi na moja tu. Chomeka nusu saa mchana kwenye chaja ya kilowati 22, dereva akila na kunyoosha mgongo, umemaliza. Betri ikizeeka ikabaki asilimia 80 ya uwezo wake, hiyo nusu saa itakuwa saa moja na dakika kama kumi. Hesabu ratiba yako kwa betri iliyozeeka, siyo mpya, usije ukaanza kupangua zamu mwaka wa sita.

Mambo mengine ya usukani. Umeme hausubiri kama dizeli: ukikanyaga, basi limeshaondoka, na aliyekuwa bado anatafuta pa kushika amekaa kwenye mapaja ya mtu. Wiki yangu ya kwanza nilimwangusha mama mmoja na mfuko wake wa vitunguu, vikatawanyika mpaka chini ya viti vya nyuma, na mimi nilikuwa nimegusa tu. Mwombe muuzaji awapunguzie nguvu ya kuondokea, inafanyika kwenye programu. Pili, ukiachia pedali mota inageuka kuwa breki na kurudisha umeme kwenye betri, pedi za breki zinakaa muda mrefu. Ila asubuhi betri ikiwa imejaa pomoni haina pa kuuweka huo umeme, kwa hiyo mteremko wa kwanza wa siku breki hiyo inakuwa dhaifu. Waambie madereva kabla hawajagundua wenyewe.

---

Hesabu_Kwanza

Nitaonekana mbaya lakini acha niseme. Gharama ya basi siyo mafuta tu, kuna mtu aliyekaa kwenye usukani. Basi dogo na basi kubwa yote yanataka dereva mmoja. Ukiwa na abiria 50 kwa wakati mmoja ukawagawa kwenye mabasi madogo mawili, umelipa mishahara miwili na faida ya umeme imekwenda hapo. Basi dogo linalipa pale ambapo abiria ni wachache kweli, au barabara hairuhusu kubwa. Katibu ana kona zake mbili, sawa. Lakini nenda ukahesabu vichwa saa ya kwenda shule kabla hujasaini chochote.

---

Katibu_wa_Ruti

@Hesabu_Kwanza nimehesabu. Saa ya shule wanafika 24 mpaka 26, kuanzia saa nne asubuhi hawazidi 9. Tutapita.

---

Magurudumu_Manne

Kaka Katibu, mimi natumia kiti cha magurudumu mwaka wa 16 huu na nimepanda aina zote mbili, ya lifti na ya rampu. Ngoja nikwambie lifti ilivyo, kwa sababu kwenye karatasi ya muuzaji imeandikwa tu "lifti ipo".

Basi linasimama. Dereva anazima, anashuka, anazunguka nyuma, anafungua milango miwili. Mimi kwa wakati huo niko wapi? Niko barabarani, siyo kwenye njia ya miguu, kwa sababu lifti ya nyuma inashukia barabarani, na magari yananipita mgongoni. Anabonyeza, inashuka, napanda, inanyanyuka. Ndani anapiga magoti kunifunga mikanda minne, mmoja lazima ukwame. Nilianza kuhesabu kwa saa yangu: mara ya haraka kuliko zote ilikuwa dakika nne. Halafu kushuka, vilevile. Ukiwa na abiria kama mimi wawili kwenye mzunguko wa kilomita 9, ratiba yako imekufa, na dereva atajifunza kutoniona kituoni. Imenitokea. Ananitazama, anatazama saa, anapita.

Rampu ya kukunjua: dereva anatoka mlangoni, anaishika mpini, anaipindua, naingia, nageuza kiti mgongo uegemee ule ubao wenye sponji nikitazama nyuma, basi linaondoka. Haifiki dakika moja. Na mlango ni uleule wanaopita wengine wote. Mzee wako naye atapitia hapo, na mwenye kigari cha mtoto, na mwenye gunia. Hakuna atakayeomba radhi.

Lakini usishangilie mapema. Rampu inategemea mwinuko wa kituo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mabasi, namba 107, inataka mteremko wa rampu usizidi asilimia 12 ikiwekwa juu ya ukingo wa njia ya miguu wenye kimo cha sentimita 15. Chukua sakafu iliyo sentimita 27 kutoka chini na rampu ya mita moja. Penye ukingo wa 15 unapanda sentimita 12, sawasawa kabisa. Pasipo ukingo unapanda zote 27, na hapo mimi mikono yangu haitoshi, lazima mtu anisukume. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu betri, kaka, nenda na futi ukapime vituo vyako vyote 11. Pima na nafasi ya ndani: kanuni hiyohiyo inataka upana wa milimita 750 na urefu wa 1300 kwa kiti kimoja. Pima mwenyewe, usipimiwe.

---

Fundi_Waya

Naongezea upande wa umeme, haraka haraka.

Usinunue chaja tatu za kilowati 22 uziwashe zote saa tatu usiku. Hapo umevuta 66 kwa mpigo, na mashirika mengi ya umeme humtoza mteja mkubwa kwa kilele chake, yaani umeme mwingi kuliko wote aliowahi kuvuta kwa mpigo, siyo kwa matumizi tu. Mabasi yako yanalala kwa muda wa saa nane. Chaja ya kilowati 11 kwa kila basi inatosha kulijaza kabla ya alfajiri, kilele chako kinakuwa 33. Weka moja tu ya 22 kwa ajili ya mchana, mabasi yapokezane.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa: uliza chaja iliyo NDANI ya basi inapokea ngapi. Kama inapokea 11, hata ukichomeka kwenye nguzo ya 22 utapata 11, na nusu saa ya @Usukani_Kimya inakuwa saa nzima.

Dhamana ya betri isomeke kwa asilimia ya uwezo uliobaki, siyo miaka mitupu. Kilomita na miaka mingapi, ibaki asilimia ngapi, nani anapima na kwa kifaa cha nani. Kama programu ya kusoma hitilafu anayo muuzaji peke yake, utakuwa unamwita kila taa ikiwaka.

---

Usukani_Kimya

Wajumbe wako wakisema basi dogo la sakafu ya chini ni jaribio, waambie siyo la jana. Roma waliyatumia ya umeme kwenye vichochoro vya mji mkongwe tangu zama za betri za madini ya risasi. Na Karsan ya Uturuki imekuwa ikiuza basi la chini ya mita 6, lenye sakafu ya chini na rampu, tangu 2018, betri zikitoka kwa BMW.

---

Katibu_wa_Ruti

Wakuu, nimerudi. Leo nimezunguka ruti yote na futi ya fundi seremala, watoto wa shule wakanifuata vituo vitatu wakidhani napima kiwanja.

Vituo vinne vina ukingo kati ya sentimita 14 na 16. Vitano havina kabisa, ni udongo na nguzo. Kimoja kina ukingo wa 22, nadhani mlango utagonga ukifunguka nje. Na kile cha hospitali, ndicho kina mtaro wazi wa sentimita 60 kati ya barabara na mahali watu wanaposimama. Miaka 11 nimesimamisha basi pale, watu wakauruka, sikuwahi kuuona kama mtaro.

Kikao ni Jumamosi. Nakwenda na hesabu ya kilowati-saa 11 kwa wajumbe wa betri, na nitaomba tofauti ya bei kati ya mabasi hayo mawili iingie kwenye zege la vituo vitano. Swali lililobaki ni la @Magurudumu_Manne: dada, pale hospitalini, tufunike mtaro kwa slabu au tusogeze kituo mita 30 mbele penye ukingo mzuri? Slabu ni kazi ya wiki mbili. Kusogeza ni nguzo tu.

---

Magurudumu_Manne

Hizo mita 30 za kurudi mpaka lango la hospitali ni lami, changarawe au mchanga?

---

Katibu_wa_Ruti

Changarawe.

---

Magurudumu_Manne

Slabu.