Naomba ushauri: mbwa wangu mzee viungo vinamuuma, nimpe manjano?

Jambo wandugu. Niko Bukavu, huku Nguba. Mbwa wetu ana miaka 11, kilo 24. Tangu mvua zianze, asubuhi anaamka miguu ya nyuma imekakamaa. Kupanda kilima cha kwetu anapumzika mara tatu. Ninaumia moyo, maana ni yeye ametulinda usiku miaka yote hii.

Veterineri alisema ni viungo, akatupatia meloksikamu, dawa ya maumivu. Maumivu yanapungua, ila anaharisha na chakula hataki. Nitamrudisha kwake wiki hii. Mama mkwe anashauri manjano ndani ya bugali, na kumkanda nyonga kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Kukanda nimeanza, analala vizuri kabisa. Manjano ndiyo naogopa kuchanganya na dawa. Jirani alileta kitunguu saumu, nikakataa: kinaharibu damu ya mbwa. Ibuprofeni ya watu pia hapana, inaumiza tumbo na figo zake.

Nani ameshampa mbwa mzee manjano? Kiasi gani? Na kuna anayejua veterineri wa tiba ya sindano za Kichina, hapa au hata ng'ambo Kamembe, Rwanda? Munisaidie, tafadhali.