Ukame au bunduki: Karamoja wanapigania nini?

MchuuziWaMbale
Salaam wakuu. Nanunua mahindi na mtama huku Mbale, napeleka Moroto, kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Mwaka mvua ikikataa, wateja wanaleta mbuzi badala ya pesa. Mbuzi wakijaa sokoni bei yao inaanguka, ya nafaka inapanda. Haupiti muda, habari za uvamizi wa kuiba mifugo zinaanza na madereva wanakataa kusafiri jioni. Redioni wanasema ni mabadiliko ya tabianchi. Dereva wangu anasema upuuzi, ni bunduki tu. Nani mkweli? Nataka kukodi ghala kule, ndiyo maana nauliza.

Boda_Soroti
Dereva wako yuko sawa. Jua limewaka tangu enzi za babu zetu, na wao walikuwa na mikuki.

DaktariWaNgombe
Boda, usikimbie hivyo. Nimechanja mifugo Moroto na Napak miaka mingi. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua, takriban Aprili hadi Septemba. Mvua ikikatika Juni, mtama unakaukia magotini, na hakuna msimu wa pili wa kujaribu tena kama ninyi wa Mbale. Hapo tegemeo linabaki ng'ombe, na ng'ombe anafuata maji. Kiangazi kikikaza nenda bwawa la Kobebe: utawakuta Wamatheniko na Wajie, jamii za Karamoja, na Waturkana waliovuka kutoka Kenya, wote wanataka kunywesha. Ukame ndio unaowakusanya pale. Wanyweshe kwa zamu au wapigane, hilo linaamuliwa na watu.

Waturkana na Wamatheniko walipatana Lokiriama, upande wa Kenya, mwaka 1973, na mpaka leo wanakutana kuyakumbuka mapatano hayo. Ukame umewapiga mara ngapi tangu hapo! Septemba 2019 Museveni na Uhuru Kenyatta nao walikuja Moroto, nchi mbili zikatia saini makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani. Mimi nilifurahi. Kisha ukaja 2020: Februari nzige waliingia kupitia Amudat, Machi corona ikafunga minada ya mifugo. Mtu ana ng'ombe, hawezi kumuuza, atanunua unga na nini? Juu ya hayo ukaja ukame, na 2022 njaa iliua watu, Kaabong hasa. Wizi wa mifugo ulikuwa umesharudi kwa nguvu, na bunduki ndizo zilizoufanya uue wengi. Kwa hiyo dereva wako ana nusu ya jibu.

Machi 2022 waliuawa wataalamu watatu wa miamba wilayani Moroto, pamoja na wanajeshi waliowalinda. Mei 2023 Rais Museveni akatoa amri: Waturkana wasalimishe silaha ndani ya miezi sita, la sivyo wafukuzwe na mifugo yao. Hasira naielewa. Lakini amri kama ile inamtisha hata mzee asiye na bunduki, maana ng'ombe wake wakirudishwa ng'ambo kiangazi hawafiki Machi.

Mwalimu_Lodwar
Nawasalimu kutoka ng'ambo, Kenya. Daktari umesema kweli, ila ongeza hili: silaha zikikusanywa upande mmoja, aliyesalimisha ndiye anayeibiwa, naye anatafuta nyingine. Serikali zetu zikusanye kwa wakati mmoja, halafu zilinde mifugo ya waliotii. Hapo kwenye kulinda ndipo huwa wanachoka.

MchuuziWaMbale
Asanteni sana. Sasa daktari, ghala nikodi?

DaktariWaNgombe
Kodi, lakini mjini Moroto, si vijijini. Jaza baada ya mavuno, uza kuanzia Machi hadi Juni, wakati maghala ya watu ni matupu. Usipandishe bei kupita kiasi, watakukumbuka vibaya. Mbuzi uwapokee, ila uliza kwanza ofisi ya mifugo ya wilaya kama kuna karantini. Ikitangazwa hupati kibali cha kuwasafirisha, utabaki unawalisha mwenyewe mtama wako.

Boda_Soroti
Haya, nimenyamaza. Ila Mchuuzi, ukileta hao mbuzi Soroti nipigie.