Ushauri: Wazazi wanataka daftari zijae, na mimi nina soko la omena darasani

Mwalimu wa Nyamasaria

Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, katika shule ya kibinafsi hapa Kisumu. Nina watoto 31, wengi wao wa miaka minne. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Muhula huu nilitenga kona moja ya darasa nikaanzisha soko. Kuna gorogoro (mkebe wa kupimia sokoni), mikebe midogo, na mizani niliyoiunda kwa henga ya nguo na vifuniko viwili. Omena, yaani dagaa, ni majani makavu ya mkaratusi. Pesa ni vifuniko vya soda, na kila kitu nimekiwekea kadi ya bei.

Nina binti mmoja ambaye tangu shule ifunguliwe hakuwa amenitolea neno. Wiki tano! Akitaka kwenda msalani ananivuta sketi. Siku moja akajifunga leso, akaketi nyuma ya majani yake, akaanza kupima kwenye gorogoro, akihesabu kwa Kijaluo: achiel, ariyo, adek... Mwenzake akamwambia, "Niongeze." Akamkazia macho, akasema kwa sauti iliyosikika darasa zima: "Nilikuongeza jana. Leo omena imepanda." Niligeukia ubao nikawa nafuta mahali pasipo na maandishi, maana machozi yalikuwa yananilenga.

Sasa shida. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp mtu ameweka picha ya daftari la mtoto wa shule nyingine: kurasa nzima za a e i o u, na namba 1 hadi 50. Akauliza, "Wetu wanafanya nini?" Watoto wawili wameshahamishwa. Mkuu wa shule ameniita, akaniambia kufikia siku ya wazazi kila mtoto awe na daftari tatu zilizojaa, na kona iondolewe kwa sababu inaonyesha watoto wanachezacheza tu. Siku hiyo ni wiki mbili kutoka leo.

Nikikataa nahatarisha kazi. Nikikubali naona kama namrudisha yule binti kwenye ukimya wake. Wazazi niwaambie nini wanielewe?

Mama Pacha, Migosi

Mwalimu, mimi ni mzazi na nitakuambia ukweli. Mchezo hatuukatai. Tunaogopa. Mwaka juzi nilimpeleka kifungua mimba wangu kutafuta nafasi ya Gredi ya 1 katika shule fulani ya kibinafsi. Wakampa karatasi na penseli, aandike jina lake na ajumlishe. Alilia hadi akatapika, na nafasi akakosa. Tangu siku hiyo nikiona daftari tupu moyo unanienda mbio. Kwa hiyo nadharia usituletee. Mwonyeshe mzazi mtoto wake leo anajua nini ambacho wiki jana hakukijua, na umwambie kuandika kutakuja lini.

Mstaafu, Kakamega

Pole sana Mama Pacha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumpokea, isipokuwa wa kujua aanzie ngazi gani. Huku kwenye za kibinafsi ndiko hofu hii inakolelewa, na mwalimu wa PP1 anabebeshwa mzigo ambao hakuufunga yeye.

Mwanangu mwalimu, hujaasi kitu. Mtaala wa umilisi uliingia PP1 hadi Gredi ya 3 nchi nzima mwaka 2019. Kwa chekechea kipindi ni dakika 30, masomo yenyewe yanaitwa shughuli, za lugha, za hisabati, za mazingira, na mwalimu anampima mtoto kwa kumtazama akifanya kazi. Chukua mwongozo wa KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, uende nao kwa mkuu wako, faraghani, si kwenye mkutano wa walimu. Yeye naye ana wazazi wanaomkaba kwa sababu ya karo.

Kuhusu kuandika, nimekaa na watoto wa umri huo miaka 27. Mtoto wa miaka minne, mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado haijakomaa yote. Mshikishe penseli kipindi baada ya kipindi, ataikamata kwa ngumi, atabonyeza hadi karatasi ichanike, na kesho yake hataki kuiona. Mimi niliwapa mahindi makavu wapukuchue. Kidole gumba na cha shahada, punje moja moja, hasa ile safu ya kwanza ambayo hata mtu mzima huianzisha kwa kisu. Punje zenyewe tulizipanga mezani zikawa herufi. Walipokuja kushika penseli hapakuwa na vita. Tumia pia ajua, ule mchezo wa bao: mtoto anayedondosha kete shimo kwa shimo anahesabu kwa vidole na macho kwa pamoja, na akikosea mwenzake atamshtaki kabla yako.

Nyar Ahero

Mwalimu mwenzangu, mimi niko chekechea ya kaunti. Nakutetea kama wenzangu, lakini niruhusu nikuulize. Zile bei nani aliziandika? Nani aliamua majani ni omena? Mtoto akitaka kuuza mandazi, au akitaka meza iwe matatu, unamjibu nini?

Nauliza kwa sababu nimepita hapo. Nilikuwa na kona ya mama na baba, safi, wageni wakija wanaipiga picha. Siku moja niliitwa ofisini, nikarudi nikakuta kitanda kimepinduliwa kimekuwa mtumbwi. Mto Nyando umefurika, wanaokoa kuku. Mmoja analia kwelikweli kwamba godoro limelowa. Mdomo ulikuwa wazi tayari niwaambie warudishe kila kitu mahali pake, ndipo nikakumbuka kwamba wengi wao walikuwa wamelala kambini mwezi ule kwa sababu ya mafuriko. Nikafunga mdomo, nikaketi sakafuni. Kona yangu muda wote ilikuwa somo langu lililovalishwa nguo za mchezo.

Nadhani binti yako aliongea kwa sababu pale nyuma ya majani kuna kitu alikuwa anakijua kukuliko. Hebu ondoa kadi za bei. Kaa karibu, uandike wanachosema, neno kwa neno, na tarehe. Hicho ndicho kitu Mama Pacha anakuomba.

Fundi wa Kibuye

Mimi sijui ualimu, najua mbao. Kila jioni nachoma vipande vinavyobaki vya kabati na vitanda. Mwalimu, ukija na gunia nakujazia bure.

Mstaafu, Kakamega

Fundi, Mungu akubariki. Mjerumani Friedrich Froebel alipoanzisha chekechea yake mwaka 1837, vifaa alivyowapa watoto vilikuwa mipira ya uzi na vipande vya mbao kama hivyo. Vipige msasa pembe zote tu, na visiwe vile vilivyopakwa dawa ya mchwa.

Mwalimu wa Nyamasaria

Narudi baada ya siku nane. Nyar Ahero, maswali yako yaliniuma usiku kucha, kisha asubuhi nikatoa kadi zote.

Siku mbili za kwanza ilikuwa fujo, sitaficha. Siku ya tatu soko likafa. Mizani wakaitundika kwenye dirisha, wakaweka mwanasesere wa matambara, ikawa kliniki ya kupima watoto wachanga. Wakasukumana, kila mtu anataka kuwa wa kwanza, hadi mmoja akasema, "Kwa kliniki watu wanapewa namba." Wakanijia: "Mwalimu, sita inaandikwaje?" Mimi nilikuwa nimepigania sita wiki nzima ubaoni! Watoto 11 waliandika namba kwenye vipande vya boksi siku ile, bila kuamrishwa. Tatu nyingine zimelala, na sita moja imegeuka kuwa tisa, lakini mwenyewe anajua ni yake. Yule binti ndiye nesi. Nimeandika maneno yake: "Mama huyu mbona hukumleta mwezi jana? Amekonda."

Nilimpelekea mkuu mwongozo pamoja na zile namba. Hakukubali yote. Kona inabaki hadi siku ya wazazi, daftari tatu zimekuwa moja, na ndani yake nitabandika vipande vya boksi na maneno ya kila mtoto. Bado nahofia siku yenyewe. Lakini jana mzazi mmoja, ambaye kwenye kundi alikuwa mkali kweli, alikuja mapema kuchukua mtoto. Kabla sijamsalimu mwanawe akampa kipande cha boksi: "Wewe ni 7. Ngoja." Akaketi kwenye kile kiti kidogo na pochi mapajani, akangoja hadi alipoitwa.

Mama Pacha, Migosi

Siku ya wazazi hiyo kliniki iwe wazi. Wanangu hawasomi kwako lakini nitakuja. Na ile daftari ya maneno yao, naomba uniachie niisome yote.

Fundi wa Kibuye

Gunia liko tayari, nimepiga msasa. Pita Jumamosi kabla ya saa nane, Jumapili soko linajaa hutaniona.