Chumba cha kompyuta kinafunguliwa siku ya mgeni rasmi tu, halafu mnasema watoto hawajui TEHAMA!

Wakuu habari za saa hizi. Nina hasira na naandika kwa simu kwa hiyo herufi zikiruka mnisamehe, na mods naomba huu uzi msiupeleke kule jukwaa la elimu ambako hamna mtu anapita, uacheni hapa hapa.

Iko hivi. Mimi ni fundi kompyuta, mji mdogo tu huku Kanda ya Ziwa, nina kibanda changu stendi naishi mjini. Mwaka ule walipoleta tahasusi mpya (kombi za masomo ya form five) zikafika 65, wanafunzi waliomaliza form four wakaambiwa ingieni mtandaoni mbadilishe kombi, si mnakumbuka? Binti wa dada yangu akaja kibandani siku moja jioni analia. Kumbe alishaenda steshenari akalipa elfu tatu, jamaa wa steshenari kamwingilia kwenye akaunti, kambofyia kombi ambayo mtoto hata hajaitaja, afu password kaweka ya kwake yeye. Nikaenda. Jamaa akafungua droo akatoa kaunta buku, wakuu, nawaambia kaunta buku imejaa majina ya watoto wa watu, namba ya mtihani na password pembeni kwa peni nyekundu, kurasa kama kumi hivi. Nikamwambia hii ni hatari. Akanijibu kwa upole tu, bro, hawa hawajawahi kushika mausi, sasa nikiwapa password wenyewe kesho si wanarudi kwangu wanasema wamesahau?

Na hapo ndipo nilipoumia, maana shule aliyosoma huyu binti INA CHUMBA CHA KOMPYUTA. Miaka minne amepita nje ya dirisha lake akienda chooni. Nikamuuliza ulishaingia humo? Akasema mara moja, siku ya makabidhiano, walichaguliwa watu kumi wasafi wakae mbele ya mashine wapigwe picha na mgeni rasmi, na mashine zilikuwa zimezimwa.

Nikaenda shuleni mwenyewe. Usiniulize shule gani sitaitaja, walimu wa pale nawaheshimu na wengine ni wateja wangu. Mkuu wa shule alikuwa kwenye semina, ufunguo anao yeye, funguo ya pili anayo makamu ila makamu anaogopa kufungua bila mkuu kujua kwa sababu kikipotea kitu ni mshahara wake utakatwa. Nilirudi mara tatu. Ya tatu nikafunguliwa. Yani wakuu kile chumba ni kama sebule ya bi harusi, kompyuta 20 zimefunikwa vitambaa vya kufuma vile vya kwenye makochi, kibodi bado zina nailoni yake, ubaoni bado imeandikwa KARIBU MGENI RASMI na ua limechorwa pembeni. Vumbi juu ya kitambaa unaandika jina lako kwa kidole. Nikawasha moja ikawaka vizuri kabisa, saa yake ndio ilikuwa imerudi nyuma miaka, maana betri ndogo ya ndani ya mashine inayotunza saa imekufa, na ukiwa na tarehe ya uongo tovuti nyingi zinakataa kufunguka, kwa hiyo mwalimu akijaribu anaona "mtandao mbovu" kumbe mtandao hauna shida, ni kibetri cha bei ya soda mbili.

Mwalimu wa TEHAMA nimekaa naye sana, kijana mzuri, kasomea Baiolojia. Kapewa kompyuta kwa sababu ndio mwalimu pekee aliyeripoti na laptop yake mkononi. Ana vipindi vya Baiolojia mikondo yote, na hicho chumba kaongezewa juu bila hata siku moja ya mafunzo. Akaniambia fundi mimi nilianza vizuri, nikaomba bando, nikawekewa GB 50 Jumatatu asubuhi, Jumanne mchana imeisha na hakuna mtoto hata mmoja aliyefungua kitu. Mkuu akahitimisha kwamba wanafunzi wanaangalia mambo machafu, chumba kikafungwa.

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mashine 20 za Windows zilizolala mwaka mzima ukizipa intaneti siku moja zinafanya nini? Zinajiapdeti! Kila moja inashusha GB zake mbili tatu kimya kimya, piga hesabu mwenyewe. Ukiongeza rauta iko chini ya meza ya mkuu wa shule na password anayo kila mwenye simu kuanzia ofisini mpaka kwa mlinzi, unategemea nini. Dawa yake ni kuingia settings za mtandao na kuiambia mashine kwamba hili bando linapimwa (metered), isishushe apdeti yenyewe, sekunde ishirini kila kompyuta. Sekunde ishirini! Watoto wamefungiwa mwaka mzima kwa kosa la Windows.

Sasa hapa ndipo nilipojitia kimbelembele. Nikasema jamani mimi nitawafanyia bure. Nina laptop kuukuu haina kioo, nitaigeuza seva, yani mashine moja inayowagawia nyingine vitu vya kusoma, naifungia ndani ya chumba, watoto wanaingia kwa waya bila bando hata la mia. Nieleze kidogo kwa wasiojua, maana najua wataibuka watu hapa "bila fiber haiwezekani". Inawezekana sana. Kuna kitu kinaitwa Kiwix, kipo tangu 2007, kinaibeba Wikipedia nzima unaisoma bila intaneti. Ya Kiingereza pamoja na picha ni kama GB 100, ya Kiswahili ina makala zaidi ya elfu themanini na inakaa kwenye flashi ya bei rahisi. Kuna Kolibri, programu nyingine ya bila intaneti, inabeba masomo ya video ya Khan Academy na yapo hata ya Kiswahili, mtoto anasikiliza hesabu anarudia anafanya zoezi. Kuna PhET, majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta, hawa wa chuo cha Colorado, unaunga waya na betri na taa kwenye skrini unaona umeme unatembea, na yenyewe imetafsiriwa Kiswahili, shule haina maabara ya fizikia ila hili inalo bure. Vitabu vya kiada TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) wameshaviweka kwenye maktaba mtandao yao, unasoma bila kulipa. Vyote hivi nilivishusha mimi usiku kwa bando langu la usiku, wiki tatu.

(Kale ka ubishi ka "sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo vya Kiswahili vitawachanganya" naomba kaacheni. Nilimwekea yule binti kitu kimoja hicho hicho kwa lugha zote mbili, akasoma cha Kiswahili akaelewa, akarudi kwenye cha Kiingereza akakitoboa. Kachanganyikiwa wapi?)

Majibu niliyopewa: LETA BARUA. Nikaandika barua. Barua ikaenda kwa mratibu wa kata, akasema hii ni sekondari ipeleke halmashauri, halmashauri mtu mmoja akaniuliza "kampuni yako ina usajili gani na unafaidika na nini". Nikasema sifaidiki. Hapo ndio nikaharibu kabisa, maana mtu asiyefaidika anatia wasiwasi kuliko mwizi. Nikaambiwa nisubiri maelekezo. Nimeandika barua tatu na maelekezo sijayaona. Laptop ipo hapa kibandani chini ya meza, imejaa Wikipedia, paka wa jirani anailalia kwa sababu ina joto.

Nikasema basi niende maktaba ya umma ya hapa mjini, labda wao. Wakuu, maktaba ina rauta, taa zinawaka kijani. Nikaomba password, nikaambiwa intaneti ni ya watumishi. Kompyuta ya wasomaji ipo moja, ina karatasi "MBOVU". Nikainama kuangalia, haina ubovu wowote, waya wa umeme ndio haupo, umeazimwa ofisi ya mhasibu kwenye printa. Vijana wamejaa humo wamekaa kimya wanasoma notsi zao walizokuja nazo, wanachofuata ni kivuli na meza. Mama wa maktaba ni mtu wa watu kweli, akaniambia mwanangu mimi nimesomea kupanga vitabu, hiyo mitambo wakiniletea mtu wa kunielekeza wiki moja tu mimi nitawafungulia hawa watoto hata Jumamosi. Wiki moja tu anaomba. Nchi hii ilifungua Maktaba Kuu pale Dar tarehe 9 Desemba 1967, uhuru una miaka sita na hela hatuna. Leo waya wa umeme unatushinda.

EDIT: Naona mmeanza "tatizo ni umaskini mkuu". Hapana. Niambieni kompyuta 20 zenye nailoni ni umaskini gani? Marekani wana mpango wanaita E-Rate, umetoka kwenye sheria yao ya mawasiliano ya 1996, makampuni ya simu yanachangia mfuko, na huo mfuko unazilipia shule na maktaba intaneti kuanzia asilimia 20 mpaka 90 ya bili, kadiri eneo lilivyo maskini na lilivyo kijijini ndivyo unavyolipiwa zaidi. Mkikimbilia kusema wenzetu matajiri, sisi mfuko wa namna hiyo tunao kwa sheria ya 2006, na makampuni yetu nayo yanachangia. Wazo tunalo siku nyingi. Na hata huo wa Marekani unalipa waya na intaneti, haulipi kompyuta za wanafunzi wala kumfundisha mwalimu, hicho kipande wanahangaika nacho wao kwa hela nyingine. Ndio kipande hicho hicho kinachotuua sisi! Kifaa kinaletwa na gari lenye king'ora, mtu wa kukaa na mwalimu wiki mbili akamwonyesha kibetri, apdeti na ratiba ya nani anaingia lini, huyo hakuna anayemleta kwa sababu hafungwi utepe. Jirani zetu Kenya waliahidi laptop za darasa la kwanza kwenye uchaguzi wa 2013, 2016 zikaja kuwa tableti, watu wakabishana kifaa miaka mitatu. Na sisi vishikwambi vya sensa ya 2022 walimu walipewa, jambo zuri, sasa nendeni mkawaulize nani alikaa nao akawaonyesha kupandisha kitabu cha TET na kukisomesha darasani. Yule mwalimu wa Ghana aliyechora skrini nzima ya Microsoft Word ubaoni kwa chaki 2018, dunia ikamwonea huruma akatumiwa kompyuta, yeye kompyuta hakuwa nazo ila kufundisha anajua. Sisi mashine tunazo na tumezifunika vitambaa.

EDIT 2: Kuna mdau kauliza zikiibiwa je. Mkuu, zikiibiwa angalau kuna mtu atazitumia. Natania, ila sijatania sana.

EDIT 3: Mwalimu wa TEHAMA kanipigia sasa hivi, kauona uzi, kaniomba nisimtaje na sijamtaja. Kasema mkuu wa shule Alhamisi yuko tena semina na makamu kakubali kufungua chumba saa nane mpaka saa kumi "kwa ajili ya usafi". Kwa hiyo Alhamisi tunafanya usafi, mimi, yeye, vibetri 20 na ile laptop ya chini ya meza. Hard disk yangu ina sekta mbovu, mwenye ya TB 1 haitumii anicheki PM, akiwa Mwanza naifuata mwenyewe kwa nauli yangu. Na waya wa umeme wa kompyuta ule wa kawaida, wa maktaba, huo nimeshaupata.