EST mwezi wa Julai ni saa ya wapi? Mlionikata pesa, hebu nijibuni

Wadau, naanza na jambo lenyewe ili hata mpita njia alishike. Mwezi wa Julai New York haitumii EST. Haitumii! EST ni saa za majira ya baridi za mashariki ya Marekani, saa 5 nyuma ya UTC (ile saa ya kimataifa ambayo nchi zote hupimia saa zao). Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba mji huo uko kwenye EDT, saa za kiangazi, saa 4 nyuma ya UTC. Ndivyo sheria ya Marekani inavyosema tangu 2007. Sikuitunga mimi huku Mamboleo, Kisumu.

Sasa kuna kampuni naifanyia kazi ya kusikiliza rekodi na kuziandika (siitaji, nina kodi ya nyumba). Julai wakatuma ujumbe: mkutano Jumanne "9 AM EST", na asiyehudhuria hana malipo ya siku hiyo. Haya. Kutoka EST hadi kwetu Kenya ni saa 8. Saa tatu asubuhi yao, ongeza nane, unapata 17:00, saa kumi na moja jioni. Kabla haijafika nilikuwa nimeshakaa, simu imejaa chaji, bando ipo, jirani nimemwomba apunguze redio. Naingia, hakuna mtu. Kumbe walikutana saa kumi jioni, yaani 9 AM ya EDT, wakamaliza, na jina langu liko kwenye orodha ya watoro.

Nikalalamika kwa adabu. Msimamizi akanijibu kwamba kila mtu anajua EST maana yake ni saa za New York.

Kila mtu nani? Waliofika kwa wakati ni wale ambao hawakusumbuka na zile herufi. Walifungua simu, wakatazama New York ni saa ngapi, basi. Mimi niliyesoma kilichoandikwa na kukifanyia hesabu sahihi ndiye niliyekatwa. Ni sawa na kondakta kuandika "Busia" kwenye kioo cha matatu, halafu akushushe Luanda na kukucheka kwamba ulipaswa kujua gari halifiki. Na ukirudi kwenye vile vikokotoo vya saa vya mtandaoni, kuna vinavyokuadhibu vilevile: ukiandika EST vinakupa EST ya kweli, kwa sababu mashine haijui kwamba bosi wako ni mvivu.

Hizo herufi tatu nazo ni balaa kuliko watu wanavyodhani. CST inaweza kuwa ya katikati ya Marekani, saa 6 nyuma ya UTC, au ya Uchina, saa 8 mbele. Hapo kuna tofauti ya saa 14 kati ya watu wawili walioandika kitu kilekile. IST ni ya India (saa 5 na nusu mbele), au ya Ireland wakati wa kiangazi, au ya Israeli. BST ni ya Uingereza wakati wa kiangazi au ya Bangladesh. Ukiwa na mteja London na mwingine Dhaka, na wote wawili wameandika BST, utafanya nini? Utabashiri. Ukikosea ubashiri, Mkenya hajali muda.

Hilo la "hajali muda" ndilo linalonichoma. Nina rafiki Nakuru, Section 58, anafundisha Kiswahili kwa njia ya video. Wanafunzi ni watoto wa Wakenya walioko nje. Darasa moja lina watoto wawili, mmoja Birmingham ya Uingereza na mwingine Dallas. Walikubaliana Jumamosi, saa kumi na mbili jioni ya Birmingham, ambayo ni saa sita mchana ya Dallas. Kwa mwalimu ni saa tatu usiku. Majira yote ya baridi hakuna aliyegombana na mwenzake.

Ikafika Machi. Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya pili ya Machi. Uingereza na Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa tarehe 9 kwa Marekani na tarehe 30 kwa Uingereza na Ulaya. Kwa hiyo katikati kuna wiki tatu ambazo saa sita mchana ya Dallas ni saa mbili usiku kwetu, huku saa kumi na mbili jioni ya Birmingham ikiwa bado ni saa tatu usiku. Mtoto wa Dallas anakaa mbele ya skrini, mwalimu hayupo. Mama yake akamwandikia mwalimu kwamba hii tabia ya kuchelewa ameiacha nyumbani na hataki imfuate huko. Huyo mwalimu hakugusa saa yake! Nakuru nzima hakuna aliyegusa saa. Yeye mama ndiye simu yake ilisogezwa usiku akiwa amelala, asubuhi akaamka akiamini dunia nzima imesogea naye.

Halafu mwisho wa Machi Uingereza nayo ikasogea, na darasa likarudi pamoja, safari hii saa mbili usiku ya Nakuru kwa wote. Oktoba mchezo ukaanza upya kinyume: Ulaya hurudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, na wiki moja ya hapo katikati ni fujo tena.

Sisi tuko UTC+3, Januari mpaka Desemba. Mstari wa Ikweta unapita Maseno, hapo juu kidogo tu, kuna na alama barabarani kwa wanaopenda kupiga picha. Kisumu jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na tofauti ya mwaka mzima haizidi kama nusu saa. Mtu wa Kisumu asogeze saa ili apate nini? Wanaosogeza wenyewe wamechoka. Bunge la Ulaya lilipiga kura 2019 kuachana na huo mtindo, nchi wanachama hazijakubaliana hadi leo. Seneti ya Marekani ilipitisha mswada Machi 2022 wa kubaki kwenye saa za kiangazi moja kwa moja, ukakwama upande wa pili wa Bunge. Mexico angalau sehemu kubwa ya nchi iliacha 2022. Na hata ndani ya Marekani si wote: Arizona haisogezi isipokuwa eneo la Wanavajo, Hawaii haisogezi kabisa. Australia ndiyo usiulize. Sydney inasogeza, Brisbane haisogezi, Adelaide ina nusu saa yake, na kuna kisiwa chao kinaitwa Lord Howe ambacho kikisogeza husogeza dakika 30 tu. Dakika thelathini! Nani alikaa akapanga hivyo?

Kuna huu mtego mwingine wa tarehe. "Kazi iwasilishwe Ijumaa 12 AM." Sasa 12 AM ya Ijumaa ndiyo dakika Ijumaa inapoanza, si inapoisha. Nusu ya watu kwenye kikundi chetu walielewa wana siku nzima ya Ijumaa, na siwalaumu. Kwa Kiswahili ungesema "usiku wa kuamkia Ijumaa, saa sita" na hakuna mtu angeuliza swali. Ongeza kwamba aliyeandika yuko Los Angeles, ambako tunatofautiana saa 10 kiangazi na 11 baridi, basi Alhamisi yake saa kumi na moja jioni ni Ijumaa yangu saa tisa usiku, Kisumu yote imelala ila mbwa na mimi. Siku nzima imebadilika na yeye hata hajala chakula cha jioni.

Na wale mnaotengeneza mifumo, nanyi mpo kwenye uzi huu, msijifiche. Kuna orodha za maeneo zenye majina kama Etc/GMT+3 na Etc/GMT-3. Kenya iko saa 3 mbele, kwa hiyo mtu mwenye akili timamu atachagua yenye kujumlisha. Hapana! Kwenye majina hayo alama zimegeuzwa. Etc/GMT-3 ndiyo iliyo mbele ya UTC, na Etc/GMT+3 inakupeleka kwenye saa za São Paulo, saa 6 nyuma yako. Binamu yangu alijisajili hivyo kwenye mfumo wa usaili, akapewa nafasi ya saa nne asubuhi iliyogeuka kuwa saa kumi jioni. Mkiona orodha ya hivyo tafuteni Africa/Nairobi, msiguse kingine.

Ninachodai si kikubwa. Anayeitisha mkutano ndiye abebe mzigo wa hesabu. Aandike mji, tarehe, na namba ya UTC. Mji kwa sababu simu na kompyuta zinajua mji gani unasogeza saa na lini. Namba ya UTC kwa sababu ukiwa na mtandao wa kubabaisha huku Kondele unaweza kujumlisha kichwani. Herufi tatu tupa. Kama anatuma mwaliko wa kalenda, autume kweli, unaojigeuza kulingana na simu ya mpokeaji, siyo picha ya kalenda yake. Ndiyo, kuna mtu hututumia picha.

Na ukimkata mtu pesa kwa kuchelewa, kwanza thibitisha kwamba muda ulioandika wewe upo duniani siku hiyo.

NYONGEZA 1: Naona mmoja anauliza si ningewauliza tu kwanza. Ndugu yangu, ukiuliza saa tatu asubuhi ya hapa, Julai, New York ni saa nane usiku. Wanaamka, wanakunywa kahawa, wanaingia mkutanoni. Jibu langu lilikuja baada ya mkutano. Na kwa nini niulize maana ya kitu kilichoandikwa wazi?

NYONGEZA 2: Kwa yule anayesema tatizo ni saa zetu za Kiswahili, kwamba tunahesabu mara mbili. Mama yangu hajawahi kugusa kompyuta na anajua kwamba saa moja asubuhi ni 7:00 ya redio. Tofauti ni sita, asubuhi ni sita, usiku ni sita, Machi ni sita, Novemba ni sita. Haisogei. Jua likichomoza tunaanza kuhesabu. Ninachokubali ni kwamba wasimamizi wetu wa hapa wanapotafsiri "3 PM" kuwa "saa tatu" kwenye kikundi cha WhatsApp badala ya "saa tisa mchana", wanastahili kuchapwa. Hao wamechanganya wenyewe, msisingizie saa.

NYONGEZA 3: "Dunia yote itumie UTC." Sawa, marubani wanaotua hapa uwanja wa ndege wa Kisumu hupanga safari zao kwa UTC na hawagongani. Lakini tiketi ya abiria bado inaandikwa saa za mahali, maana anayekuja kukupokea hajui UTC ni nini na hana haja ya kujua. Kwa kazi zetu mimi ningeikubali UTC kesho asubuhi. Waambie hao wa New York uone.

NYONGEZA 4: Wengi mmeniomba ujumbe niliowatumia. Niliandika kwa Kiingereza, ila kwa Kiswahili ni huu, geuzeni mtakavyo:

"Mkutano ulitangazwa kuwa saa 9:00 EST, ambayo ni UTC-5, ambayo ni 17:00 Nairobi. Nilihudhuria 17:00 Nairobi na nina picha ya skrini yenye saa. Mkutano ulifanyika 9:00 EDT, muda ambao haukutangazwa. Naomba malipo yangu ya siku hiyo yarudishwe. Kuanzia sasa naomba muda uandikwe hivi: Jumanne 14 Julai, 9:00 New York (UTC-4), 16:00 Nairobi (UTC+3)."

NYONGEZA 5: Wamejibu. Wanasema watalipeleka kwa timu husika na nitasikia kutoka kwao "mwisho wa siku". Nimeuliza mwisho wa siku ya wapi. Kimya.

Nimewapa hadi Ijumaa, 17:00 Nairobi, UTC+3, nimeandika vyote vitatu. Wakinyamaza nawarudishia akaunti yao. Kuna watu wa Istanbul wanatafuta mwandishi wa rekodi, malipo ni ya chini kidogo, lakini Uturuki iliacha kusogeza saa 2016 na ikabaki UTC+3 mwaka mzima. Wakisema saa kumi jioni, natazama ukutani.