Naomba ushauri: riwaya imetoka, niiuzeje bila kujifunga?

Ndugu zangu, habari za leo. Riwaya yangu ya kwanza imeshatoka, ya karatasi na ya kielektroniki, na kwa kazi yenyewe nimeridhika kabisa. Kinachoniumiza kichwa ni soko. Maduka ya vitabu yanaipokea kwa mali kauli tu: wauze kwanza, wakate sehemu yao, ndipo wanilipe. Tena inawekwa rafu ya chini, mgongo nje, na jalada zuri vile halionekani!

Nimeutazama mpango wa KDP Select wa Amazon, wa vitabu vya kielektroniki vya waandishi wanaojichapishia wenyewe. Ukijiunga, nakala ya kielektroniki haiuzwi kwingine kwa siku 90, hata na wewe mwenyewe. Ya karatasi haiguswi. Faida ni wasomaji wa Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma vitabu kwa ada ya mwezi, ambako mwandishi unalipwa kwa kurasa zinazosomwa. Lakini wasomaji wangu wengi huniagiza moja kwa moja kwa WhatsApp, na hao sitaki kuwapoteza.

Mliopita njia hii, nijiunge sasa au nikuze kwanza orodha yangu ya wasomaji? Na sura ya kwanza mkiitoa bure, huleta wanunuzi kweli?